Uzi wa Kumpima Baba

Fundi seremala hakuwa na maneno mengi. Alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, akatupa pole, kisha akasema anahitaji kipimo cha mzee. Kaka yangu Deo aliingia ndani kutafuta uzi, akarudi na kibonge cha sufu ya kahawia alichokikuta kwenye kikapu cha mama cha kufumia. Aliponikabidhi, mkono wangu uliutambua uzi ule kabla ya macho. Ulikuwa uzi uliofumuliwa, wenye vikunjo vidogo vidogo kama tambi. Niliunusa, na huenda nilijidanganya, lakini niliipata harufu ya belo la mitumba linapofunguliwa kwa mara ya kwanza: dawa, karatasi, na nyumba za watu ambao hatutawaona kamwe.

Sisi tuliokua miaka ile tunaijua harufu hiyo kama wengine wanavyojua ya udongo ulionyeshewa. Mitumba ilikuwa ndiyo kwanza imeruhusiwa kumwagwa barabarani mchana kweupe, na viwanda vilivyokuwa vikitushonea nguo vilikuwa vinabadilisha wenye mali. Mambo haya mawili yalikwenda pamoja, ila mimi sikuyaona pamoja. Nilikuwa sijamaliza kung'oa meno ya mbele.

Tuliishi Morogoro, mtaa wa Mafiga, kwenye vyumba viwili vya kupanga vyenye mlango unaotazama mlima. Baba alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo. Siku zote alirudi jioni akinuka grisi, na vumbi la pamba likiwa limemkaa kwenye nyusi kama mtu aliyezeeka ghafla, mpaka anawe uso ndipo awe baba tena. Siku moja alirudi saa nne asubuhi. Kopo lake la chakula lilikuwa halijafunguliwa.

"Nimepunguzwa, Mama Deo," alisema.

Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa mara moja. "Mko wangapi?"

"Shifti yetu yote. Wanasema mwenye mali mpya anataka watu wachache."

Nilikuwa nimekaa kizingitini, nikasikia vizuri. Neno hilo nililijua. Nywele hupunguzwa. Suruali ya Deo ilipunguzwa miguu na fundi cherehani. Mchuzi ukizidi chumvi, chumvi hupunguzwa. Kitu kikipunguzwa kinakuwa kidogo, sikuhitaji kuelezwa. Nilimtazama baba kuanzia kichwani mpaka viatuni, nikitafuta mahali walipomkata.

Nilimuuliza Deo, ambaye alinizidi miaka mitatu na aliijua dunia yote.

"Wanaanzia miguuni," alisema bila kuacha kuchonga gurudumu la gari lake la mti. "Kidogo kidogo. Usipomwangalia kila siku huwezi kugundua."

"Muongo."

"Haya, mimi muongo. Kamtazame baba yake Issa."

Baba yake Issa, wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alipunguzwa kabla ya Pasaka. Nilikwenda kumtazama. Alikuwa amekaa barazani, suruali ameifunga kwa kamba ya katani, na shati linamning'inia kama la kaka yake mkubwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ambayo nayo niliiona imepungua. Nikarudi nyumbani nikikimbia. Wiki mbili baadaye baba alichukua msumari na nyundo, akatoboa tundu jipya kwenye mkanda wake.

Ndipo ikaja barua ya rafiki yake wa shifti, aliyeondoka mapema na kwenda Mbeya. Aliandika kuwa huko watu binafsi wananunua mashine za kusaga nafaka, mashine nyingi, na hakuna mafundi wa kuzitosha. "Njoo, kazi ipo," barua ilisema. "Lakini usije na nguo za Morogoro." Baba aliisoma sentensi hiyo mara tatu, mara ya tatu kwa sauti ya chini, kama vile baridi yenyewe ilikuwa imekunjwa ndani ya bahasha.

Tangu hapo nyumba yetu ikawa nyumba ya kujiandaa na baridi. Jua la Morogoro lilikuwa linachoma mabati mpaka yanalia, nasi tulikaa chini yake tukizungumzia soksi. Mshauri mkuu alikuwa Bi Mwamvua, jirani yetu aliyeuza mitumba kwenye turubai mbele ya nyumba yake. Alikuwa na dada aliyeolewa upande wa Tukuyu, na aliwahi kwenda kumuuguza, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumpinga.

"Mama Deo, baridi ya kule si ya kujifunika khanga," alisema, miguu kainyoosha juu ya turubai. "Asubuhi husemi na mtu mpaka meno yatulie. Watu wanatoa moshi mdomoni."

"Moshi?" nikauliza.

"Moshi, mjukuu wangu. Kama treni. Sasa sikiliza, Mama Deo. Soksi, kila mtu jozi tatu. Mzula wa kichwani. Mafuta ya mgando, la sivyo midomo itapasuka mshindwe hata kucheka. Na hilo blanketi lako nimeliona kwenye kamba, hilo ni la kufukuzia mbu."

"Na sweta?"

"Sweta nimekuwekea. La mumeo. Lione."

Lilikuwa sweta la kahawia, zito, lenye shingo ya kukunja, na kubwa kiasi cha kuweza kuvaliwa na watu wawili wanaopendana. Baba alilijaribu uani. Mikono yake ilipotea, na upindo ukamfika karibu na magoti. Bi Mwamvua alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upande wa ushungi. Deo alicheka. Hata baba mwenyewe alitabasamu, akapunga mkono mtupu wa sweta kama mtu anayeaga.

"Si kitu," mama alisema. "Nitalipunguza likukae."

Mimi tu sikucheka. Niliona wazi kwamba mama alikuwa anajua, na alikuwa anaficha.

Mama alijifunza kufuma kwa masista wa misheni alipokuwa msichana. Sindano hakuwa nazo. Alitumia spoku mbili za gurudumu la baiskeli, alizozinoa ncha kwenye jiwe. Alilifumua sweta lile kutoka chini na kwenye mikono, akiviringisha uzi kwenye miguu ya kigoda, na uzi ukawa unatoka umejikunjakunja, haukubali kunyooka, kana kwamba bado unakumbuka mwili wa Mzungu aliyelivaa kwanza. Kilichobaki kwenye upande wa baba alikimalizia upindo mpya. Kilichofumuliwa akaanza kukifuma upya kuwa sweta langu. Nilikaa karibu naye mchana wote nikitazama mali ya baba ikipungua na yangu ikiongezeka, na moyo wangu ulikuwa mzito kwa jambo ambalo sikujua nimwambie nani.

Jumapili moja baada ya misa baba alilala mkekani kwenye kivuli cha nyumba. Nilichukua kipande kirefu cha uzi ule. Niliweka ncha moja chini ya kisigino chake, nikaikandamiza kwa jiwe, nikaunyoosha uzi taratibu juu ya mguu, kando ya tumbo lililokuwa likipanda na kushuka, kando ya sikio, mpaka utosini. Hapo nikafunga fundo. Niliwaza kwamba sasa nina ushahidi. Wakimkata hata kwa unene wa kucha, nitajua.

"Stazia! Unafanya nini?"

Sikujua kama mama anaweza kupata sauti kama ile. Alinishika mkono, akanivuta mpaka jikoni.

"Mtu hapimwi amelala," alisema. "Umesikia? Anayepimwa amelala ni maiti. Usirudie tena kitu hicho maishani mwako."

Nikasema sitarudia. Lakini uzi nilikuwa nao ndani ya ngumi, na sikuutupa. Baba, mkekani, hakuwa amejigeuza hata kidogo.

Baada ya sweta likaja suala la mizigo. "Basi halitachukua vyote," mama alisema. "Lazima tupunguze." Chumba cha mbele kikagawanywa: ukutani vitu vya kwenda, mlangoni vitu vya kubaki. Kabati likakaa mlangoni. Kinu kikakaa mlangoni. Kuku wote watano walikwenda kwa Bi Mwamvua. Kila asubuhi nilipoamka nilitazama kwanza kitu gani kimehama upande. Nilianza kuelewa kwamba kupunguzwa hakuishii kiwandani. Kulikuwa kumetufuata mpaka ndani, na kulikuwa kunachagua.

Nami nilikuwa na kifua kibovu. Kilikuwa kinabana, na kikibana kinapiga filimbi ambayo Deo aliweza kuiiga vizuri kabisa. Mama alinipeleka zahanati kuuliza habari za safari. Mganga aliweka kipimo mgongoni kwangu, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Kifua hiki na baridi ya Mbeya," akasema, "mimi siwezi kukuahidi kitu, mama."

Tuliporudi, niliwasikia wazazi wangu nyuma ya nyumba, mama akianua nguo, baba akimshikia beseni.

"Tumpeleke kwa mama kwanza," mama alisema. "Kule mlimani baridi ipo. Akae mwezi, azoee. Kifua kikiiweza ile, kitaiweza na ya Mbeya."

"Kisipoiweza?"

Mama alianua nguo mbili tatu.

"Basi atabaki kidogo kwa bibi yake," baba akajijibu mwenyewe. "Mpaka tutulie."

Kesho yake kikapu changu, chenye magauni mawili na sweta jipya, kilikuwa kimewekwa mlangoni, kando ya kinu.

Tulipanda na lori la mboga linalorudi Mgeta na matenga matupu. Mpaka siku ile mlima ulikuwa kwangu rangi tu, kitu cha buluu kinachozuia mbingu isianguke upande ule. Sasa tulikuwa tunaingia ndani yake. Barabara ilijikunja, masikio yakaziba, hewa ikaanza kunuka majani yaliyolowa na moshi wa kuni. Mama alinivalisha sweta kabla hatujafika. Lilinichoma shingoni. Alinishika kidevu, akasema, "Ukikaa mwezi huu bila kukohoa, tunakwenda wote. Sawa, mwanangu?" Nikasema sawa. Ndani ya gauni, kiunoni, nilikuwa nimejifunga uzi wa baba mizunguko mitatu.

Bibi, mama yake mama, alikuwa mwembamba, mwenye visigino vilivyopasuka kama udongo wa kiangazi. Alilima kabichi na njegere kwenye matuta yaliyopandana kama ngazi, na alizungumza Kiswahili kwa mwimbo wa Kiluguru, maneno yakipanda mwishoni hata asipokuwa anauliza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wamenitumia msaidizi. Mbona msaidizi mwenyewe hana meno?"

Mama alilala siku moja, akashuka na lori la asubuhi. Sikulia. Niliogopa kulia kungeniletea kikohozi.

Bibi alinifundisha baridi kama wengine wanavyofundisha kusoma. Asubuhi, kabla ya kusogelea moto, nilinawa uso kwa maji ya mfereji yaliyouma kama upupu. Baada ya kazi nilivua kilicholowa mara moja, hata kama nimelowa jasho tu. Sikuruhusiwa kukaa juu ya udongo mtupu, wala kulala na soksi nilizoshinda nazo. Nilivuta pumzi kwa pua, mdomo umefunikwa kwa upande wa khanga. "Na hayo mabega yashushe," alikuwa akiniambia tukiwa kwenye njegere, ukungu umetuzunguka mpaka sioni mkono wake, nasikia sauti tu. "Unajikunja kama mtu anayedaiwa. Shusha mabega, uchume."

Nilishusha, nikachuma. Na huko shambani, kwenye ukungu na umande, kifua changu kilikaa kimya. Kilichonitesa kilikuja jioni jikoni, tukizunguka mafiga. Kikohozi kilipanda kama mtu anayepanda ngazi, nami nilimeza mate kukirudisha. Kikinishinda nilisema naenda haja, nikakimbia mpaka mferejini, mahali maji yanapoanguka kwa kelele, nikakohoa humo mpaka machozi yakatoka. Kisha nikanawa na kurudi nikitembea polepole. Nilijiona mjanja sana. Niliamini kwamba maji yale yanabeba kikohozi changu mpaka mjini, na kwamba hakuna anayejua.

Siku moja bibi alinifuata na sahani yangu ya ugali. Alinikuta nimeinama juu ya mfereji.

"Unakohoa, Stazia."

"Sikohoi, bibi. Ni mate."

"Mate hayo yana filimbi."

Hapo nililia. Nililia vibaya, na kati ya kilio nikamwambia yote: kwamba baba amepunguzwa na wanaendelea kumpunguza, kwamba sweta lake limepunguzwa limfuate, kwamba mizigo imepunguzwa, na kikapu changu kiliwekwa mlangoni, na sasa nikikohoa ni zamu yangu. Bibi alinisikiliza akiwa amesimama, sahani mkononi, ugali ukipoa. Alitaka kucheka pahala fulani, nikaona, lakini hakucheka.

"Na hicho unachokishika kiunoni?"

Nikauonyesha uzi. Nikamweleza fundo ni la nini. Nilingoja anigombeze kama mama. Yeye aliuchukua, akaugeuza mwangani. Ulikuwa mweusi kwa masizi na jasho.

"Mchafu huu," alisema. "Baba yako hawezi kupimwa kwa kitu kichafu." Aliufua pale pale mferejini kwa sabuni ya magadi, akaukamua, na tuliporudi akauanika kwenye kamba pamoja na magauni yangu, ukining'inia karibu ufike chini.

Kisha alikaa kizingitini, akaniweka mbele yake, akanifunga khanga mabegani.

"Wewe ukibaki hapa, hakuna aliyekupunguza," alisema. "Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Hapa ni kwenu kuliko huko unakokwenda. Mimi ningekuwa nimeongezewa." Alikaza fundo la khanga. "Lakini wewe unamtaka baba yako."

Sikujibu. Hata sasa sijui kama kutojibu kule kulimuumiza kuliko jibu lenyewe.

Tangu siku ile bibi aliniangalia kwa namna nyingine, kama anavyoangalia jani la kabichi kutafuta mdudu. Jioni akanilisha nje, kizingitini, nikiwa nimevaa sweta na mzula. Sikukohoa. Jioni iliyofuata akaniingiza jikoni. Nikakohoa. Ya tatu akanitoa tena. Kisha kitanda changu cha kamba alikihamisha kutoka chumba kinachopakana na jiko akakipeleka upande wa baridi, ambako upepo ulipita chini ya mlango. Huko nilivuta pumzi kama ndama.

Baba ndiye aliyekuja kunichukua. Nilimwona akipanda kutoka barabarani, na nikasimama kumlinganisha na migomba. Alionekana mdogo sana kwenye mlima ule. Kwa heshima ya mkwe hakusogelea jikoni. Alikaa kwenye kigoda uani, akaamkia akiwa ameinamisha kichwa. Bibi alikaa mbali kidogo naye, ungo wa njegere mapajani. Mlango wa jiko ulikuwa wazi nyuma yangu na chungu kilikuwa motoni.

"Kifua je, mama?" baba aliuliza. "Amekohoa?"

Bibi alimenya njegere moja, na nyingine. Moshi ulikuwa unatoka mlangoni, ukanifikia. Nilibana pumzi. Nilimtazama baba, miguu yake, mabega yake, mkanda wenye matundu mawili mapya. Macho yalianza kujaa machozi na kifua kilikuwa kinapanda ngazi zake. Bibi aliinua macho akaniona. Aliweka ungo chini, akainuka, akaenda kuufunga mlango wa jiko, akarudi kukaa.

"Baridi haijamkohoza," alisema.

Baba akashusha pumzi.

"Moshi ndio unaomkohoza. Mwambie binti yangu asipike ndani. Apike nje."

"Nje, mama? Na ile baridi tunayoambiwa?"

"Nje."

Baba alinitazama, akautazama mlango uliofungwa. Alikuwa mtu wa mashine, alijua maana ya kupata mahali panapovuja. "Tutapika nje," akasema.

"Mimi ningependa abaki," bibi alisema akirudia njegere zake. "Lakini hilo hukuniuliza."

Alipotufungia mzigo wa mboga na ndizi alinirudishia uzi. Alikuwa ameukunja vizuri kama rozari.

Basi liliondoka stendi ya Msamvu jua likiwa linawaka, na sisi tumevaa soksi. Abiria walitutazama, Deo akajifanya si wa kwetu. Tulifika Mbeya jioni, na nilichokiona asubuhi yake kiliniogopesha kuliko yote. Mtaa mzima ulikuwa unatoa moshi mdomoni. Mama muuza maziwa, watoto wa shule, mzee mwenye toroli, wote kama alivyosema Bi Mwamvua. Na bibi alikuwa amesema moshi ndio adui. Nilijifunga khanga mdomoni mpaka puani, nikabana pumzi, mpaka nilipoona moshi ukitoka hata kwa Deo, na kwangu mwenyewe, na haunuki chochote.

Mama alikuwa ameinama uani juu ya jiko la mkaa, blanketi limemzunguka, nyasi zimekuwa nyeupe miguuni pake. Mke wa mwenye nyumba alifungua dirisha.

"Mama mgeni, jiko liingize ndani. Utaganda."

"Ahsante, mama. Mwanangu moshi haumpendi."

"Basi utapika hapo mpaka lini?"

"Mpaka akue," mama alisema, akapuliza makaa. Na hivyo ndivyo alivyofanya.

Baba alitoka akielekea kwenye mashine, siku yake ya kwanza. Alikuwa amevaa sweta la kahawia. Lilimkaa sawasawa, mabegani, mikononi, kila mahali, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nilimkimbilia na uzi.

"Baba, simama."

Aliutazama uzi, akaweka kopo lake la chakula chini.

"Safari hii unipime nimesimama," alisema. "Ile ya kulala mama yako hakuipenda."

"Ulikuwa macho?"

"Nilikuwa macho."

Aliegemea mwimo wa mlango. Nilikanyaga ncha ya uzi kando ya kisigino chake, Deo akapanda juu ya ndoo akaunyoosha mpaka kichwani. Fundo lilikuwa juu. Lilipita utosi wa baba kwa vidole vinne. Deo alipima mara mbili, na mara ya pili hakuwa na utani usoni.

"Wamekupunguza," nilisema. Sauti haikutoka vizuri.

Mama aliinuka pale penye jiko. Alifungua kinywa kueleza, na leo najua alitaka kueleza nini, maana nami nafuma: uzi uliofumuliwa una vikunjo, ukifuliwa na kuanikwa unanyooka, unakuwa mrefu. Baba alikuwa yule yule. Ni bibi aliyenifulia kipimo. Lakini baba alimwangalia mama, mama akanyamaza.

"Ni kweli walinipunguza," baba aliniambia. "Tena sana. Hebu pima tena, uone kama hawajanirudishia."

Deo akaunyoosha uzi. Fundo lilifika sawa na utosi. Nilitazama chini: visigino vya baba havikuwa vimegusa ardhi. Niliviona. Nataka ieleweke kwamba niliviona, na nilikuwa na umri wa kutosha kujua maana yake. Nikasema, "Umerudi, baba." Alichukua kopo lake, akatembea kwa vidole vya miguu mpaka kwenye kona, mtu mzima mwenye sweta la kahawia, akitoa moshi mdomoni. Hakushusha visigino mpaka alipopotea.

Sasa, miaka mingi baadaye, nilikuwa na uzi mwingine mkononi, na fundi alikuwa anangoja nje. Tuliingia chumbani, mimi na Deo. Mama alikuwa amekaa upande wa kichwa cha baba. Aliuona uzi, akafumba macho, hakunizuia. Niliweka ncha kwenye kisigino, Deo akaunyoosha taratibu mpaka utosini, kama wakati ule.

"Hapa," alisema.

Sikufunga fundo pale. Nilipanga vidole vyangu vinne kwenye uzi, kupita mkono wake, nikafunga baada ya hapo. Deo alinitazama. Kisha akanipa mkasi.

Fundi aliupokea uzi, akaunyoosha, akatazama mlango wa chumba kama anayekumbuka mtu aliyezoea kumwona akipita mtaani. Akauliza kama kipimo ni sahihi.

Nikamwambia ni sahihi.